Mmoja wa Jedwali la Nne

Kuna watu huamka asubuhi, wakanywa chai, wakaenda zao kazini, na kuna watu wanaoandika tasnifu. Bi Tanbihi alikuwa wa kundi hilo la pili. Jina hilo alipachikwa na wanafunzi wenzake wa shahada ya uzamivu, kwa sababu hakuwahi kuandika ukurasa usiokuwa na tanbihi tatu chini yake. Ukimuuliza saa ngapi, walisema, atakutajia saa, halafu atakutajia na chanzo. Alikuwa na miaka thelathini na minne, miwani minene, na miaka mitano ya utafiti mgongoni juu ya jambo ambalo ndugu zake walishachoka kuwaeleza majirani: vita vya mtandaoni, na watu wa aina gani majeshi ya siku hizi yanawapa kazi ya kuvipigana.

Swali lake lilikuwa zuri, tusimnyime haki yake. Jeshi la zamani lilitaka kifua kipana na miguu ya kukimbia. Lakini mdukuzi anayetaka kuzima umeme wa mji mzima huku amekaa kwenye kiti nchi ya mbali, huyo hazuiwi kwa kifua. Anazuiwa na mtu mwenye subira mbele ya kompyuta, na mtu huyo anaweza kuwa mwanamke, anaweza kuwa mfupi, anaweza kutembea kwa gongo. Je, majeshi yameliona hilo, au bado yanapima vifua? Kwa swali hilo alipewa kibali cha kukaa miezi saba ndani ya kikosi cha ulinzi wa mtandao. Alihoji watu arobaini na watatu, na kwa kila mmoja walitiliana saini karatasi ya ridhaa iliyosema kwa herufi nzito kwamba hakuna atakayetambulika.

Jumamosi moja asubuhi, siku tatu kabla ya kusimama mbele ya watahini, alikuwa anapaka mkate siagi. Mama yake alikuwa upande wa pili wa meza na tasnifu mkononi. Mama huyu ni fundi cherehani, amewashonea watu kwa miaka arobaini, na katika ukoo mzima ndiye peke yake aliyejitolea kuusoma mzigo ule wa kurasa mia tatu na kumi. Alikuwa anasoma tangu Alhamisi, utepe wake wa kupimia ukiwa ndiyo alama ya alipofika.

"Mwanangu," alisema bila kuinua macho, "huyu mmoja si yule binti aliyekuja hapa nyumbani?"

"Mmoja yupi, mama?"

"Huyu hapa, ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Jedwali la nne. Koplo, mwanamke, miaka saba kazini, usikivu hafifu: mmoja. Si yule aliyekuwa akigeuza shingo kila nikimkaribisha chai? Nilisema moyoni, huyu binti sikio la kushoto limelala. Nimepima shingo za watu maisha yangu yote, shingo hainidanganyi."

Bi Tanbihi alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye bado hajaelewa. Kisha akaelewa, na mkate ukabaki hewani.

Ngoja nieleze, maana wasomi wana namna yao ya kukosea ambayo mtu wa kawaida hawezi hata akijaribu. Katika rasimu ya kwanza, kila kisanduku cha jedwali lile chenye watu wachache kiliandikwa "chini ya watano", kama inavyotakiwa, ili asijulikane mtu. Profesa, msimamizi wake, akaipitia kwa kalamu nyekundu akaandika pembeni: "Namba halisi! Sayansi haina haya." Bi Tanbihi, ambaye kwa miaka mitano alikuwa hajawahi kumbishia Profesa hata juu ya nukta, akaweka namba halisi bila kumrudishia aone. Na kwa kuwa tasnifu nzima ilihusu namna watu walivyo mbalimbali, alikuwa amewagawa kwa cheo, kwa jinsia, kwa miaka kazini na kwa hali ya mwili, akawagawa na kuwagawa mpaka kwenye kisanduku kimoja akabaki mtu mmoja, amesimama peke yake katikati ya ukurasa. Kikosini kulikuwa na makoplo wanawake wawili tu, na mmoja wao alikuwa ameanza kazi mwaka jana. Hata mtoto wa chekechea angemtambua yule mwingine.

Ubaya zaidi ni kwamba nakala tano zilishapelekwa kwa watahini tangu Jumatano, na mtahini wa nje alikuwa Kanali, mkuu wa kikosi kile kile.

"Mama, nimekwisha," alisema Bi Tanbihi.

"Hujaisha, umekaa hapa mbele yangu. Atakayeisha ni yule mtoto wa watu. Nenda kamwambie."

Ndivyo mama zetu walivyo, wanakuonyesha njia na kukusukuma humo humo. Bi Tanbihi alivaa viatu bila soksi, akatoka.

Koplo alikuwa anakaa ghorofa ya tatu ya jengo la rangi ya maziwa, chumba kimoja na jiko. Siku hiyo hakuwa na zamu. Alifungua mlango akiwa na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, kanga begani, na alipomwona mgeni wake akatabasamu.

"Dada! Karibu. Leo umekuja kunihoji tena au kunisaidia kufua?"

Bi Tanbihi alikaa kwenye kiti cha plastiki, upande wa kulia wa mwenyeji wake, akaeleza. Alieleza vibaya, akianzia na maana ya sampuli ndogo, akapitia kanuni za maadili ya utafiti, mpaka Koplo akamkatiza.

"Dada, sema kwa kifupi. Kanali atajua?"

"Akifungua ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, atajua."

Koplo alifuta mikono yake taratibu kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. Kila mtu aliyewahi kugombezwa anajua kwamba afadhali mtu apige kelele. Sikio lile lilikufa kwa homa, mwaka wake wa pili jeshini, na tangu hapo alikuwa amelificha kama mtu anayeficha mimba ya miezi mitatu. Kanuni alizosomewa alipoandikishwa zilisema askari asiyesikia vizuri ataachishwa kazi kwa sababu za kiafya. Basi kila mwaka kwenye kipimo cha masikio, akiwa ndani ya kile kibanda kisichopitisha sauti na hedifoni kichwani, alikuwa anatazama bega la muuguzi kwenye kioo. Bega likicheza, kitufe cha sauti kimebonyezwa, naye ananyoosha mkono. Siri hiyo aliitoa kwa mtu mmoja tu duniani, siku ile nyumbani kwa fundi cherehani, baada ya kusaini karatasi.

"Miaka saba nimekaa pale nazuia watu wasitoboe mtandao," alisema mwishowe. "Wajanja wa kila namna, wa nchi na nchi. Hakuna aliyepita zamu yangu. Halafu wewe umenitoboa kwa jedwali."

"Nisamehe."

"Mimi sina kazi nyingine, dada. Sijui kuuza, sijui kupika. Najua ile kazi tu. Na ninaipenda."

Alilisema hilo la mwisho kwa sauti ndogo, na machozi yakamlenga Bi Tanbihi. Alikuwa ameandika kurasa arobaini juu ya "kuambatana kihisia na taasisi", na hakuna mahali alipoandika kwamba mtu anaweza kuipenda kazi yake namna hiyo.

"Nitakwenda kumwomba anirudishie nakala," alisema. "Huenda hajaifungua. Wakubwa huwa hawasomi."

"Yule anasoma. Anasoma hata maandishi ya nyuma ya pakiti ya biskuti." Koplo alisimama, akamwaga beseni la maji jikoni, akarudi. "Twende wote. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe kwa mdomo wangu, si kwa kisanduku chako. Nisubiri nivae sare."

Sare ilikuwa imepigwa pasi, kola imesimama. Njiani hawakusema mengi. Bi Tanbihi alitembea upande wa kulia, Koplo akatazama mbele, na mara moja tu aliuliza: "Hiyo tasnifu, mwisho wake inasema nini hasa?" Akajibiwa kwamba inasema jeshi linalotaka kushinda vita vya mtandaoni lazima lijifunze kuwaona watu wake jinsi walivyo. "Basi leo litaniona," alisema Koplo, akaongeza mwendo.

Getini waliacha simu zao kwenye visanduku vya mbao, wakaacha kalamu, wakaacha hata saa ya mkononi ya Bi Tanbihi kwa sababu ilikuwa ya aina inayohesabu hatua. Ofisi ya Kanali ilikuwa mwisho wa ujia mrefu unaonuka dawa ya sakafu. Alikuwapo. Watu kama yule Jumamosi hawana pa kwenda. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye mvi zilizonyolewa karibu na ngozi, na juu ya meza yake, wazi, jalada la bluu likiwa chini na kurasa juu, ililala tasnifu. Vipande vya karatasi ya njano vilikuwa vimechomoza pembeni mwake kama manyoya ya kuku aliyelowa.

Ameisoma, aliwaza Bi Tanbihi.

Koplo akapiga saluti. Kanali akaipokea, kisha akamtazama Bi Tanbihi, akatazama dari, akarudi kwa Koplo.

"Koplo," alisema, "mwongozo wa chuo kikuu, kifungu cha kumi na tisa, unakataza mtahini kuongea na mtahiniwa kabla ya siku ya utetezi. Mimi nimeusaini. Kwa hiyo humu ndani naona watu wawili, mimi na wewe. Kama kuna mtu wa tatu, sijamwona."

"Ndiyo, afande."

"Akikaa kwenye kile kiti pale, sitashangaa kiti kikilia."

Bi Tanbihi alikaa. Kiti kikalia. Kanali hakushangaa.

"Afande," alianza Koplo, "nimekuja kusema jambo kabla hujaniita. Mimi sikio la kushoto halisikii. Halijasikia kwa miaka mitano. Nimekuwa nadanganya kwenye kipimo. Mtu asilaumiwe kwa hilo, si muuguzi, si mtafiti. Ni mimi."

Kanali alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Bi Tanbihi alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

"Bega," alisema Kanali.

"Afande?"

"Ulikuwa unatazama bega la muuguzi kwenye kioo. Unadhani mtu akifanya kazi ile miaka ishirini hajui kwa nini mpimwa anatazama kioo? Mwaka ule ule wa kwanza wa kudanganya alikugeuzia kiti, akakupima mara ya pili huku amekaa pembeni, na wewe ukakosa kila sauti ya kushoto. Aliandika majibu ya kweli. Ile karatasi ilinifikia hapa." Alifungua kabati la chuma nyuma yake, akapekua, akatoa faili jembamba. "Nikasoma kanuni. Si zile unazosomewa siku ya kuapa, hizo ni za askari wa mstari wa mbele. Kuna orodha ya wataalamu wa kiufundi. Huko wanataka sikio moja zima. Moja. Wewe unalo. Nikakuhamishia kwenye orodha hiyo, nikasaini, makao makuu wakasaini. Soma tarehe."

Koplo alisoma. Midomo yake ilicheza bila sauti.

"Miaka minne iliyopita," alisema.

"Na miezi miwili."

"Afande, miaka minne mimi… kila kipimo kikikaribia silali. Kila ukiniita ofisini naaga wenzangu kimoyomoyo. Na hukuniambia?"

Hapo ndipo Kanali, mtu aliyewahi kukaa siku tatu mfululizo kwenye kiti akizuia shambulio la mtandao lililotaka kufunga hospitali zote za nchi, alipokosa pa kuweka mikono. Alikohoa.

"Nilikuita nikuambie. Uliingia hapa, kabla sijafungua mdomo ukasema, 'Afande, mimi nasikia vizuri kabisa.' Ulisema mara mbili, kwa sauti kubwa. Nikaona, huyu hataki lizungumzwe. Nikakuheshimu. Nikakuuliza habari za printa, kama unakumbuka."

"Nakumbuka. Nilijiuliza kwa nini Kanali mzima ananiita kuniuliza habari za printa."

"Basi ilikuwa hiyo. Nilikosea. Nilidhani nakuheshimu kumbe nakutesa. Naomba radhi, Koplo."

Koplo alikaa chini bila kuruhusiwa. Alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kuwa kicheko, na katikati yake alikuwa akisema "miaka minne, afande, miaka minne!" Hasira ilikuwamo pia, tusidanganyane, na ilikuwa haki yake. Lakini ilikuwa hasira ya mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyodhani inaungua haijawahi hata kufuka moshi. Bi Tanbihi kwenye kona yake alishusha pumzi ndefu mpaka miwani ikaingia ukungu. Papo hapo akasikia njaa ya ajabu. Alikumbuka mkate aliouacha.

"Sasa lile jedwali," alisema Kanali, na sauti ikarudi kuwa ya kijeshi. "Koplo, siku ukikutana na mtu aliyeliandika, mwambie hivi. Adui yetu kila siku anafanya kazi moja: anachukua vipande vya habari visivyo na madhara, anavipanga mpaka vinamtaja mtu. Mwandishi huyo ameandika sura nzima juu ya hila hiyo, sura ya tatu, nzuri sana, nimeiwekea alama. Halafu katika sura ya nne amemfanyia adui kazi hiyo bure, tena kwa mistari iliyonyooka."

"Nitamwambia, afande."

"Mwambie pia kwamba nililiona Alhamisi asubuhi. Nikapiga simu idarani kwao. Katibu aliniambia bahasha nyingine nne bado hazijachukuliwa, zimo kwenye droo yake. Nikamwambia azifungie, hakuna wa kuzigusa mpaka ukurasa wa mia moja na kumi na mbili ubadilishwe. Mpaka jana jioni droo ilikuwa imefungwa. Ukurasa huo tumeuona wawili, mimi na aliyeuandika."

"Watatu," ilisema kona.

Kanali alitazama dari.

"Koplo, kiti kinasema watatu."

"Na mama yake mzazi, afande. Ni fundi cherehani. Nilishaonana naye. Huyo alinijua kwa shingo, bila jedwali."

"Mwambieni asije kuomba kazi hapa," alisema Kanali, "atatutia aibu sote." Kisha akasimama. "Twende. Kuna kitu nataka ukione, Koplo. Kama kiti kitatufuata, mlango una upana wa kutosha."

Chumba cha zamu kilikuwa cha ubaridi na mwanga mdogo, chenye madawati sita na vioo vya kompyuta viwili viwili kila dawati. Watu wanne walikuwa kazini. Bi Tanbihi alikifahamu, alikuwa amekaa humo miezi saba na daftari lake. Kanali aliwaashiria wasisimame.

"Tazama dawati lako lilipo," alimwambia Koplo. "Ukutani, upande wa kushoto. Mlango uko kulia. Mkuu wa zamu yuko kulia. Simu ya dharura iko kulia. Unadhani lilijiweka?"

Koplo alilitazama kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuingia. Sajini wa zamu, mnene, mpole, mwenye kitambi kinachogusa meza, alijikuna kichwa.

"Tulilisogeza sisi," alisema. "Ulipokuwa likizo. Tukasema ni kwa sababu ya nyaya."

"Na kugonga meza?" aliuliza Koplo. "Kila mtu akija kwangu hugonga meza mara mbili. Mimi nilidhani ndiyo desturi ya kikosi."

"Meza ikigongwa unauhisi mtikisiko, unageuka. Bila hivyo unashtuka mpaka unamwaga chai. Ulimwagia kibodi mbili, Koplo. Mbili!"

Kwenye kona, mtu ambaye hakuwapo alitoa mguno. Bi Tanbihi alikuwa ameiona desturi ile ya kugonga meza. Aliihesabu, aliichorea grafu. Katika sura ya tano, kurasa kumi na moja na tanbihi ishirini na sita, alieleza kwamba wanaume wa kikosi wanagonga meza ya mwanamke ili kuonyesha mamlaka juu ya nafasi yake. Alikuwa ametumia maneno mazito, mengine aliyabuni mwenyewe. Sasa kurasa zote kumi na moja zilikuwa zinaanguka kichwani mwake moja baada ya nyingine, na ajabu ni kwamba hakuumia. Alitamani kucheka. Ilimbidi aingize ngumi mdomoni.

"Mwandishi wa sura ya tano naye ana kazi wikiendi hii," alisema Kanali akitazama taa.

Koplo alisimama katikati ya chumba. Alikuwa amekwisha kulisema ofisini, lakini ofisini alilisema kama mtu anayejisalimisha. Hapa alivuta pumzi, akaweka mikono nyuma.

"Basi nawaambieni mwenyewe, maana mnajua lakini sijawaambia. Mimi sikio la kushoto halisikii. Asanteni."

"Tunajua, kaa," alisema mmoja. Wote wakacheka, naye pia.

Wakati kicheko kinaisha, Sajini alianza kusafisha koo. Alisafisha mara tatu. Uso ulikuwa umemwiva.

"Kwa kuwa leo ni siku ya kusema," alianza. "Mimi… zile rangi. Nyekundu na kijani. Mimi naziona moja. Tangu kuzaliwa."

Ni vizuri msomaji ajue kwamba katika kazi ile, onyo la shambulio huja kwa rangi nyekundu na ishara ya usalama huja kwa kijani.

Kanali akaziba masikio yake yote mawili. "Sijasikia," alisema. "Jumatatu utakwenda kupimwa macho, karatasi italetwa, nitasoma orodha inasema nini. Na kabla hamjaanza kulia, orodha hiyo naijua kwa moyo, imeandikwa na watu wenye akili. Lakini leo sijasikia."

Wengine wakacheka, Koplo hakucheka. Alikuwa anamtazama Sajini, jirani yake wa dawati kwa miaka minne.

"Ndiyo maana," alisema polepole. "Kila zamu unaniuliza, 'Koplo, hili limeiva?' Mimi nakujibu limeiva, halijaiva. Nilijua ni utani wako."

"Haukuwa utani."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Mara kumi, kumi na tano. Ile siku ya hospitali, sijui. Nilikuuliza siku nzima. Ungekuwa hukuwapo, Koplo, mimi ningefanya nini?"

Koplo alifunika uso kwa viganja. Miaka yote ile alikuwa amejiona kama mzigo ambao bado haujagunduliwa, mtu anayekula mkate wa kuiba, na kumbe siku ile ambayo taifa zima lilipumua, mnyororo wa watu walioliokoa ulipitia kwenye jicho lake. Hakuna aliyekuwa amemwambia, kwa sababu hakuna aliyejua isipokuwa mnene huyu aliyeona haya.

Alipoondoa viganja, aligeuka, akaangalia kona. Wote wakaangalia kona. Bi Tanbihi alikuwa amekunja vidole vya mkono wa kulia kana kwamba vimeshika kalamu, kalamu iliyobaki getini. Hapakuwa na mtafiti duniani ambaye mkono wake usingewasha. Miaka mitano alikuwa akitafuta kitu hiki, na sasa kimesemwa mbele yake kwa lugha nyepesi, bila kuuliza swali.

"Hili nalo unaliandika, dada?" aliuliza Koplo.

Bi Tanbihi aliutazama mkono wake, akavinyoosha vidole, akautia mfukoni.

"Hapana," alisema. "Hili ni lenu."

Koplo alimtazama kwa kitambo, kama mtu anayesoma karatasi mpaka chini kabla ya kutia saini. Kisha akavuta kiti cha pili, akakiweka upande wake wa kulia, akakipigapiga kwa kiganja ili akae.